Mafundo Yaliyolowa

Uvumi uliletwa na Talatu muuza chumvi, ukaninasa kichwani kama unyuzi wa nyama kwenye jino. Alisema adui zetu Wagazari wamejifunza kuchoma lifidi. Eti wanachukua kaa la moto, wanalizungushia samadi kavu lisizimike, wanalifunga kwenye mshale na kulirusha kutoka mbali. Mtu na farasi wake wanawaka pamoja kama ghala la mtama.

"Umeona kwa macho yako?" nikamuuliza.

"Sikuona. Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyeona." Akanipimia chumvi yangu, akaenda nyumba ya pili kuwaambia na wao.

Mwingine angesahau. Mimi nilishindwa, kwa sababu kazi yangu ni kushona hizo lifidi. Ni vazi la tabaka mbili za kitambaa cha pamba, katikati unajaza sufi, unapiga mishono ya karibu karibu mpaka linakuwa nene kama kiganja cha mkono. Moja la farasi, kuanzia shingoni mpaka mkiani, na moja la mpandaji. Mshale ukiingia humo unakwama. Lakini sufi naijua. Cheche moja ikitoka jikoni ikaangukia kapu la sufi, huwahi hata kusema lo. Na wakati uvumi ule unafika, mwanangu Barau alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa kuvaa lifidi.

Kwetu jina Barau hupewa mtoto aliyeachwa, yaani yule ambaye kifo kilimruka. Waliomtangulia niliwazika wote wachanga. Kwa hiyo mkiona nina wasiwasi kupita kiasi, mjue nilianza zamani.

Barau alikuwa akipanda na kaka yangu Tanko, mkubwa wa wapanda farasi wepesi wa mji wetu wa Dakwara. Hao hawavai kitu zaidi ya kanzu fupi. Farasi wao ni wadogo, wa hapa hapa, na silaha yao ni mikuki mifupi ya kurusha. Kazi yao ni kutangulia, kuangalia adui yuko wapi na maji yako wapi, kuchokoza, kukimbia, kurudi tena. Wimbo hawaimbiwi. Wavaa lifidi, ambao nao tunawaita lifidi, ndio wanaopigiwa ngoma wakitoka, na wasichana hupanda juu ya ukuta kuwaangalia. Mkubwa wao alikuwa Gwamma, mtoto wa shangazi yetu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba kwetu ni watani. Gwamma alikuwa mtani wa Tanko, na alikuwa mtani wangu pia. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia alete nyama uchome. Tanko alikuwa na mchezo wake: kila akikutana na Gwamma humnyang'anya kofia, akaikalia, asiinuke mpaka apewe punje ya kola, ile kokwa chungu ya kutafuna. Hakuna siku aliyoacha, hata msibani.

Siku Gwamma alipokuja kwangu kumchukua Barau, Tanko alikuwa amekaa uani anakunywa mtama uliovurugwa kwenye maziwa mgando.

"Naona godoro limekuja lenyewe," Tanko akasema, hata salamu bado. "Nani anataka kulala?"

"Nyamaza, nzi wee," Gwamma akajibu. "Nimekuja kumtoa mtoto wa watu kwenye mizoga. Apande farasi, aachane na huyo mbuzi wako mwenye tandiko."

"Mbuzi wangu anakunywa maji yaliyobaki kwenye alama ya kwato za ng'ombe na anashiba. Wako asipopewa kisima kizima anazimia."

"Wangu akikimbia ardhi inatetemeka."

"Akikimbia mara ngapi? Mara moja! Ya pili anaomba abebwe."

"Mara moja inatosha. Ukuta wa watu wenye mikuki ukiuvunja mara moja, umevunjika. Wewe umewahi kuvunja nini, zaidi ya ahadi?"

"Nimevunja ukimya wako. Mama yako alisema ulichelewa kusema, na sasa tunaona afadhali ungechelewa zaidi."

Barau alicheka mpaka akashika mbavu. Tanko akaruka, akainyakua kofia, akaikalia. Gwamma akatoa kola, akalalamika kwamba mji huu una wezi, akaondoka na mwanangu kwenda kumwonyesha farasi wake mpya, Danda, mweusi mwenye miguu myeupe, mrefu kuliko mlango wangu.

Barau aliporudi jioni, mjomba wake alizungumza naye bila utani. Nilikuwa jikoni nasikia.

"Sikukatazi," alimwambia. "Lifidi ni kitu kikubwa. Adui akiwa amesimama, kajipanga, ana ngao, mimi na watu wangu hatumfanyi kitu. Tutamrushia mikuki itaisha, turudi nyumbani. Hapo panataka uzito. Lakini adui asiyesimama, uzito wako utampigia nani? Sisi ni macho, wao ni ngumi. Ngumi bila macho hupiga ukuta. Ukishavaa hilo vazi, uwe unauliza: macho yako wapi? Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na ukifungwa humo, huwezi kujifungua mwenyewe. Jua hilo kabla hujalingia wasichana."

Hilo ni kweli. Lifidi ya farasi hufungwa kwa kamba za ngozi mbichi kifuani, chini ya tumbo na nyuma. Ya mtu hufungwa mgongoni. Anayefunga ni mwingine, na anayefungua ni mwingine. Mtu akishavaa hainami, na kupanda anapandishwa.

Basi uvumi wa Talatu ukazunguka, ukafika barazani kwa mfalme. Kila aliyeusimulia aliongeza kidogo. Sasa kulikuwa na kijiji kizima kilichoona farasi watatu wanawaka, na jina la kijiji lilibadilika kila ukiuliza. Gwamma alikuwa hodari, lakini hakuwa mtu wa kupuuza maneno ya watu. Akatoa amri: lifidi zote zilowekwe kwa maji kabla ya kutoka. Kitambaa kikilowa, kaa likianguka litazimika.

Sisi wanawake tunaoshona tulitazamana. Kitambaa kikilowa ni kizito, hilo kila mtu analijua. Ila tulichofikiria sisi ni kamba. Ngozi mbichi ukiilowesha inalegea na kunyooka vizuri, unafurahi. Ikikaukia juani inajivuta, na fundo linauma kama meno ya mbwa. Ndivyo tunavyowamba ngoma. Ndivyo tunavyokaza mpini kwenye jembe. Fundo lililolowa likakauka halifunguliwi tena, ni la kukata.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijaanza, wakati jua linaposhuka mpaka kwenye paa. Wagazari wakawachukua ng'ombe wa kijiji cha Rugu. Ngoma ikalia. Asubuhi watu wakajaa uwanja wa farasi nje ya lango, na sisi washonaji tukaitwa na sindano zetu kuziba mishono iliyoachia. Viriba vya maji vilikuwa vimepangwa, vijana wanamwagia lifidi, na matope yametapakaa chini.

Tanko akafika kutoka mbugani, farasi wake mwenye vumbi mpaka masikioni. Akaenda moja kwa moja kwa Gwamma, mbele ya watu wote.

"Wako wachache," akasema. "Wote wepesi, hakuna hata mmoja mwenye lifidi. Hawatasimama. Na madimbwi ya Rugu yamekauka yote. Maji uliyonayo ni haya unayoyamwaga kwenye nguo."

Watu wakaanza kucheka.

"Usiwaloweshe," Tanko akaendelea. "Kamba zitakauka mkiwa ndani, mtapikwa humo kama maboga. Nipe ruhusa nitangulie, wewe nifuate polepole, nitakuletea adui mahali penye kivuli."

"Sikieni nzi anataka kivuli!" Gwamma akapaza sauti. Kicheko kikapasuka uwanja mzima. "Anaona wivu kwamba leo tumeoga na yeye hajaoga. Nzi wabaki na ng'ombe! Tanko, wewe na wenzako mkalinde mifugo lango la magharibi, ndiyo harufu mliyoizoea."

Ulianza kama utani, ukaisha ukiwa amri, kwa sababu aliyeutoa ndiye mkubwa wa msafara. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Nami ningecheka, lakini nilimtazama kaka yangu. Alisimama kidogo, akageuka, akamshika farasi wake hatamu, akaondoka.

Kofia ya Gwamma ilikuwa bado kichwani kwa Gwamma.

Nikaacha sindano, nikamfuata Gwamma pale alipokuwa.

"Gwamma, nisikilize. Tanko hatanii."

"Lo! Na dada mtu katumwa!"

"Sikutumwa. Mimi ndiye ninayeshona. Kamba zile zikilowa…"

"Unataka kola ngapi?"

"Sitaki kola leo."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Kakataa kola! Hii ni mpya. Safari hii wamejipanga, ndugu hawa!"

"Naapa kwa Mungu, Gwamma."

"Kiapo cha mtani hakina kafara," akasema, akacheka vizuri, bila ubaya wowote, akanipa punje ya kola mkononi. Ninayo mpaka leo. Imekauka kama jiwe.

Nikamwendea mshika mwavuli wa mfalme, ambaye si mtani wetu. Akanijibu kwa adabu kwamba amri za lifidi ni za Gwamma, nimwambie Gwamma.

Nilibaki na mwanangu na mikono yangu. Barau alikuwa amesimama kando ya Danda akingoja kufungwa. Nikazivunja pia zangu, vyombo vya kusokotea nyuzi, zote, nikapata vijiti vigumu vyembamba. Pale palipotakiwa fundo nikatia kitanzi, ndani ya kitanzi nikapitisha kijiti, na kwenye ncha ya kijiti nikafunga uzi mrefu wa kuvuta, ufike mkononi mwa aliye juu ya tandiko. Kijiti kikichomoka, kitanzi kinaachia, kiwe kimelowa au kimekauka. Kifuani, tumboni, nyuma. Na kwenye vazi lake mwenyewe nikafanya hivyo hivyo, uzi nikauleta mbele.

"Mama, hii nini? Wenzangu watasema nimevalishwa na mkunga."

"Waseme."

"Ikianguka mbele ya watu je? Mtu kuangusha lifidi vitani ni aibu, unajua. Ngoma hupigiwi tena maisha yako yote."

"Barau, aibu haina kaburi. Niliokwisha kuwazika hakuna aliyeniachia hata aibu ya kukumbuka. Vuta uzi huu nione."

Akavuta. Kikaachia. Nikakirudisha.

"Ukiona Danda anatikisa kichwa na jasho lake limekauka, usingoje mtu. Vuta."

Akapandishwa. Ngoma zikalia na wasichana walikuwa juu ya ukuta. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye lifidi, na kweli walipendeza, waling'aa kama samaki.

Yaliyofuata sikuyaona. Nayaandika kama nilivyoambiwa na Barau na waliorudi, na wote walisema namna moja.

Wagazari walikuwa wamekaa juu ya farasi wao wadogo katikati ya mbuga, wanangoja. Lifidi wakapanga mstari, wakaenda mbio, ardhi ikatetemeka kweli. Walipokaribia, Wagazari wakagawanyika pande mbili kama maji yanavyogawanywa na jiwe. Wakarusha mikuki. Mikuki ikakwama kwenye lifidi, hakuna aliyeumia, watu wakacheka. Lifidi wakageuka, wakawafuata tena. Wagazari wakagawanyika tena, mbali kidogo zaidi. Wakafuata tena. Kila mara walikuwa mbali zaidi na mji, na kila mara farasi walichelewa zaidi kuanza.

Moto haukurushwa. Hata kaa moja halikurushwa. Watu walikuwa wakiangalia juu wakingoja moto, na moto wenyewe ulikuwa jua.

Kitambaa kikakauka nje, kikabaki kibichi ndani. Jasho la farasi likakosa pa kutokea. Farasi wa kwanza akapiga magoti, na mpandaji akaanguka naye na hakuweza kuinuka. Wenzake wakashuka kumfungua. Fundo halifunguki. Wakajaribu mikuki kukata, na mtu aliyevaa mikono minene vile hafiki chini ya tumbo la farasi. Wagazari wakasimama mbali wakiwatazama. Hawakuwa na haraka ya kuja.

Danda akatikisa kichwa. Barau akamgusa shingoni akakuta pakavu. Akavuta nyuzi, moja baada ya nyingine. Lifidi ya farasi ikashuka chini kama ganda. Akavuta na ya kwake.

"Anaitupa!" mtu akapiga kelele. "Mwoga! Mtoto wa mshonaji anaitupa!"

Gwamma alikuwa karibu, bado juu ya farasi wake, uso umekuwa rangi ya udongo. Akamtazama Barau, akatoa kile kicheko chake.

"Kimbia kwa mjomba wako, nzi wee!" akasema.

Barau mpaka leo hajui kama yale yalikuwa matusi au amri. Alikwenda.

Tanko hakuuliza maswali alipomwona. Watu wake walikuwa wamekwisha kujaza viriba tangu asubuhi, ng'ombe wakalindwa na wachungaji wao. Walivuka mbuga kwa mbio ambayo farasi wa lifidi asingeiweza hata siku yake nzuri. Wagazari walipoona vumbi la wepesi linakuja, wakakusanya ng'ombe wa Rugu, wakaondoka nao taratibu. Vita viliishia hapo. Mchana uliobaki ulikuwa wa kukata kamba kwa visu na kumwaga maji midomoni.

Wengi waliokolewa. Farasi wengi hawakuokolewa. Gwamma walimkuta amekaa ameegemea tumbo la farasi wake aliyekufa, macho yako wazi. Walipomwita hakuitika.

Wakamleta nyumbani ndani ya lifidi, kwa sababu fundo lilikuwa mgongoni limezama kwenye kitambaa na hakuna aliyetaka kumkata kwa bahati mbaya. Wakaniita mimi. Sikulihangaikia fundo, nilikata mshono wangu mwenyewe ubavuni, kutoka kwapani mpaka chini. Mwilini mwake hapakuwa na jeraha. Hata mkwaruzo. Lile vazi lilizuia kila kitu kilichokuja kutoka nje.

Kwenye maziko watu walimngoja Tanko. Mtani ndiye huchekesha msiba, ni haki yake na ni kazi yake. Tanko akaja, akaichukua kofia ya Gwamma iliyokuwa juu ya mkeka, akaikalia. Watu wakakaa tayari kucheka. Aliikalia mpaka wageni wakaondoka mmoja mmoja na mkeka ukakunjwa upande wa pili, na mimi nikamwendea na kumshika mkono, akasema tu, "Bado hajanilipa."

Barau hakupigiwa ngoma tena. Wapiga ngoma wana kanuni zao, na mtu aliyeangusha lifidi ameangusha lifidi. Wasichana wawili watatu waliacha kumtazama. Mmoja hakuacha, na huyo sasa ni mkwe wangu. Barau amerudi kwa mjomba wake, anapanda Danda bila chochote, na Danda amekonda vizuri, amekuwa mwepesi. Mfalme aliamua kwamba lifidi wasitoke tena bila wepesi mbele yao. Kwa muda kina mama walikuja kwangu kutaka vijiti.

Nilikaa chuoni mpaka nikajua kuandika kinachosomeka, basi, na nisingejisumbua kuandika haya kama mambo yangebaki hivyo. Lakini juzi nimepita uwanja wa farasi. Vijana wapya wamerudia kamba za ngozi, wanasema vijiti ni vya watoto. Na Talatu amepita tena na chumvi yake, ana uvumi mwingine, kwamba Wagazari wana nyoka wanaowatupa kwenye miguu ya farasi. Nilimuuliza kama ameona. Akasema hakuona, ameambiwa.

Kwa hiyo, mama mwenye kijana anayepanda, epuka haya:

Uvumi usio na mwenyewe.

Kulowesha lifidi, kwa sababu yoyote ile.

Fundo la ngozi mbichi mahali ambapo mwanao hafiki kwa mkono wake.

Farasi mzito kutoka bila mwepesi mbele.

Kumfukuza adui anayekimbia taratibu.

Kutoka mchana wa kiangazi bila kujua dimbwi gani lina maji.

Kumtuma mtani kupeleka onyo. Mtafute mtu mwingine, hata kama ni mgeni, hata kama ni adui wa nyumba yenu.

Kumcheka mtani aliyekuja asichukue kofia.